Kuhifadhi vitabu vya katuni nyumbani Moshi: kausha kwanza, ndipo ufungashe

Miongozo mingi ya kuhifadhi katuni imeandikwa na Wamarekani, na mara nyingi huanza na maboksi na bei. Sisi wa chini ya Mlima Kilimanjaro tuanze na masika. Kuanzia Machi hadi Mei chumvi inashikana kikoponi na viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Karatasi nayo inakunywa maji hayohayo ya hewani, na ukiifunga kwenye plastiki ikiwa hivyo, ukungu utaota humohumo ndani.

Hatua ya 1: Subiri kiangazi

Fanya kazi hii Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Zitandaze katuni kwenye chumba chenye hewa, kivulini, siku mbili tatu. Usizianike juani. Karatasi ya gazeti ina lignini ya mti, na mwanga ukiipiga karatasi inageuka njano, kisha inavunjika kama jani kavu. Mwenye majarida ya katuni ya Sani ya zamani ameshaona kona zikimong'onyoka.

Hatua ya 2: Kagua moja moja

Fungua kila kitabu nusu tu na utazame pini za katikati. Kutu ikiwa imeanza, usizing'oe. Ziache, ila kitabu hicho kiwe cha kwanza kukaguliwa kila mara. Tafuta madoa meusi ya mende, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia mwanga na kutafuna gundi. Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi, kutoka mgongoni kwenda nje. Ukungu ufutie nje ya nyumba, ukiwa mkavu, nawe umevaa barakoa. Kitambaa chenye maji kisiguse karatasi.

Kitabu unachokitilia shaka, hasa cha mtumba, kikishakauka kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kisha kikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake. Utaona umande umejaa juu ya plastiki. Ukifungua mapema, umande huo unashukia kwenye jalada.

Hatua ya 3: Mfuko na kadi

Steshenari wanauza mifuko angavu ya nyaraka ya A4. Igeuze utafute alama ya pembetatu: namba 5 ni polipropilini, 2 na 4 ni polithini, zote zinafaa. Namba 3 ni PVC, iache dukani hata kama ni nzuri machoni, maana inatoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino. Katuni ya Kimarekani ina takriban sentimita 17 kwa 26, hivyo mfuko utabaki na nafasi; ukunje kwa nyuma. Selotepu isiguse kitabu hata kidogo.

Nyuma ya kitabu weka kadi ya manila ili kisipinde. Kadi hizo huwa na asidi, kwa hiyo tenganisha kadi na kitabu kwa karatasi mbili nyeupe za fotokopi. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi zina chokaa, na chokaa hupunguza makali ya asidi. Zikianza kuwa njano, badilisha.

Hatua ya 4: Tranka

Mimi nalipenda tranka la bati, lile la wanafunzi wa bweni, kuliko boksi lolote la karatasi. Panya hatoboi, mchwa hali. Chagua lililopakwa rangi hadi ndani. Simamisha vitabu vijae vizuri bila kubanana: mkono uweze kutoa kimoja pasipo kuvuta vya jirani.

Hatua ya 5: Mahali

Liweke juu ya matofali, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, kwenye ukuta wa ndani ya nyumba, na uache upenyo nyuma ili uone kama mchwa wanajenga njia yao ya udongo. Darini hapana: bati linachemka mchana. Karibu na jiko la mkaa pia hapana.

Hatua ya 6: Silika na kipima unyevu

Weka vifuko vya silika, yaani chembe zinazonyonya unyevu, ndani pamoja na kipima unyevu kidogo cha betri. Vifuko vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba maji, kwa hiyo nunua vipya. Watu wanaweka mchele. Mchele unaita wadudu. Majani ya mwarobaini yanaacha madoa, na harufu ya naftalini inaingia kwenye karatasi na kukaa, tena si nzuri kwa mapafu yako.

Wakati wa masika fungua tranka mara moja kwa mwezi, alasiri ya siku yenye jua. Kipimo kikiwa chini ya asilimia 60, funga. Kikizidi 65, ukungu unaweza kuanza: badilisha silika siku hiyohiyo na utazame tena baada ya siku tatu.