Jinsi ya kuripoti uchafuzi wa maji ili asiwepo wa kusema "hatukujua"

Sheria nyingi za uchafuzi wa maji zina saa ndani yake: toa taarifa mara moja, ndani ya saa 24, andika ripoti ndani ya siku 5. Jambo ambalo watu wengi hawaligundui ni kwamba mara nyingi saa hiyo haianzi kuhesabu pale sumu inapoingia mtoni. Inaanza pale mwenye wajibu anapojua. Asiyejua hana deni, na ndiyo maana wako wanaofanya juhudi kubwa wasijue.

Kwa hiyo mwongozo huu una lengo moja: kumfanya mhusika ajue, kwa maandishi, saa fulani ya siku fulani. Nimefanya kazi hii kwa miaka, na nakuhakikishia taarifa iliyoandikwa hivyo hupata majibu kuliko malalamiko ya kelele.

Kabla ya yote: jua unamdai nani nini

Wajibu ni wa aina mbili, na watu huuchanganya. Wa kwanza ni wa mchafuzi kuiambia mamlaka. Wa pili ni wa mamlaka, au msambazaji wa maji, kuwaambia wanaokunywa maji hayo. Wa kwanza unaweza kutimizwa kikamilifu na bado mama akamchotea mwanawe maji yenye sumu, kwa sababu barua imelala mezani kwa ofisa.

Usiku wa tarehe 1 Novemba 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua huko Schweizerhalle, karibu na Basel nchini Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalisomba viuatilifu hadi mto Rhine, mto ukawa mwekundu kwa rangi iliyokuwa ghalani, na samaki aina ya mikunga wakafa kwa mamia ya kilomita. Mto huo unapita Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, na nchi zilizo chini ya mto zililalamika kwamba zilionywa kwa kuchelewa. Tukio hilo lilizisukuma nchi za mto Rhine kukubaliana mpango wa pamoja wa kuusafisha mto huo mwaka 1987, na mwaka 1997 mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mito ya kimataifa ukaitaka nchi yenye dharura iwaarifu majirani bila kuchelewa.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kugusa kitu

Simama mbali na maji, upande upepo unakotoka. Usiyaonje, usiyashike. Toa daftari.

Andika saa kwa njia mbili. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wetu hapa: "saa 3" kwangu ni asubuhi, lakini kwenye picha ya simu imeandikwa 09:04, na msomaji mwingine ataisoma kama alasiri. Nilishawahi kuandika "saa 3" tupu, na upande uliolalamikiwa ukadai picha zangu zinapingana na maelezo yangu. Ilinigharimu wiki kadhaa kulirekebisha. Tangu siku hiyo naandika "saa 3:04 asubuhi (09:04)", kila mara.

Kisha mahali. "Karibu na daraja" haitoshi. Taja ukingo gani, ukiwa umeelekea yanakokwenda maji: kulia au kushoto. Kadiria mita. Chukua alama za ramani kwenye simu. Piga picha ya mbali inayoonyesha kitu kisichohama, kama nguzo au jengo, halafu ya karibu.

Utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji unaweza kuwa mafuta, na nchini Marekani utando wa mafuta peke yake unatosha kumlazimu aliyeumwaga kutoa taarifa. Lakini kuna bakteria wa chuma ambao hutengeneza utando unaofanana sana na huo, na hawana hatia. Chukua kijiti, uuchokoe. Ukivunjika vipande kama kioo na vipande vikabaki vimeachana, huenda ni bakteria. Ukizunguka kijiti na kuungana tena nyuma yake, hayo ni mafuta. Piga video ukifanya hivyo. Ni sekunde kumi zitakazokuokolea mabishano mengi.

Samaki nao wanasema. Wakiwa wanapumulia juu ya maji alfajiri, na waliokufa wengi ni wakubwa, fikiria kwanza upungufu wa oksijeni, ambao mara nyingi huletwa na majitaka au mbolea. Wakifa wa kila ukubwa kwa mara moja, tena mchana, sumu inakuwa mshukiwa mkuu. Andika ulichoona na hesabu yako, usiandike hukumu. "Nimehesabu samaki 43 katika mita 20 za ukingo" ni ushahidi; "kiwanda kimeua samaki" ni tuhuma, na inaweza kukuletea kesi.

Hatua ya 2: Sampuli, ukiweza kuichukua salama

Kama huna chupa safi na glavu, ruka hatua hii. Taarifa bila sampuli bado ni taarifa.

Ukiwa navyo, anza chini ya mto uende juu, ili tope unalotibua lisiingie kwenye chupa inayofuata. Chukua chini ya bomba linalomwaga uchafu (yanakokwenda maji), kwenye bomba lenyewe, na juu yake (yanakotoka maji). Ile ya juu ndiyo watu huisahau, ilhali bila hiyo mchafuzi atasema maji yalimfikia yakiwa machafu tayari. Sampuli ya vijidudu ikae kwenye ubaridi na ifike maabara siku hiyo hiyo. Na kila anayeipokea chupa aandike jina, saa na sahihi: mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ukikatika mahali pamoja, mahakama inaweza kuitupa.

Hatua ya 3: Piga simu, kisha andika

Simu ni kwa ajili ya kuokoa watu. Barua ni kwa ajili ya kuanzisha saa. Piga kwa mamlaka ya mazingira na kwa msambazaji wa maji, wote wawili, maana huyu wa pili ndiye anayeweza kufunga mtambo wa kuvuta maji dakika hiyo hiyo. Uliza jina la aliyepokea na namba ya taarifa. Akisema namba haitolewi, andika kwamba amesema hivyo.

Barua pepe ifuate ndani ya saa moja. Yangu huwa hivi:

"Leo saa 12:40 asubuhi (06:40) nimeona maji ya zambarau yakitoka kwenye bomba la zege, ukingo wa kushoto, mita 30 hivi chini ya daraja. Yalikuwa bado yanatoka nilipoondoka saa 1:15 (07:15). Nimeongea na ofisi yenu kwa simu saa 1:20 (07:20). Mita 400 chini kuna watu wanaochota maji ya kunywa. Kwa barua hii mnafahamu. Naomba mnijulishe lini na kwa njia gani watumiaji wataarifiwa."

Sentensi ya "mnafahamu" ndiyo moyo wa barua. Usiiondoe hata ikionekana kali.

Hatua ya 4: Dai tangazo kwa umma, na lipime likitoka

Hapa ndipo sheria hutofautiana mno. Nchini Marekani msambazaji akigundua hatari ya haraka kwa afya, kama vijidudu vya kinyesi au naitrati (kemikali inayopatikana kwenye mbolea) iliyozidi kiwango, ana saa 24 kuwatangazia wateja. Uingereza, kwa Sheria ya Mazingira ya 2021, kampuni za majitaka zinatakiwa kuchapisha ndani ya saa moja tangu mfereji wa kupunguza majitaka yanapofurika wakati wa mvua uanze kumwaga. Huko saa inahesabiwa tangu kumwagika kwenyewe, na ningependa kila nchi iige. Mkataba wa Aarhus wa 1998, unaohusu haki ya umma kupata taarifa za mazingira na unaotumika hasa Ulaya, unaitaka mamlaka, kukiwa na tishio la karibu, itoe mara moja kila ilichonacho kinachoweza kuwasaidia watu kujikinga.

Tangazo likitoka, lisome kwa jicho la mtu mwenye ndoo mkononi. Linasema nini kimetokea, lini, eneo gani, nani yuko hatarini zaidi, anywe nini badala yake, mpaka lini? Tangazo la "wananchi wachukue tahadhari" halijasema kitu.

Na tazama sana neno "chemsheni". Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi madini ya risasi wala zebaki, na naitrati huzidi ukolifu kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa kwa maji yenye naitrati nyingi anaweza kushindwa kupata oksijeni ya kutosha mwilini, akabadilika rangi kuwa ya samawati. Ukiona uchafuzi wa kemikali umejibiwa kwa "chemsheni maji", andika tena siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Hatua ya 5: Omba kumbukumbu

Vumbi likitulia, omba vitu vitatu kwa majina yake: kibali cha kutiririsha majitaka, matokeo ya vipimo vya miezi 12, na taarifa yoyote ambayo mchafuzi aliipeleka kuhusu tukio hili. Ukiomba "taarifa zote" utapewa visingizio vyote.

Muda wa kujibu hutegemea uliko. Kenya ni siku 21, na saa 48 pale uhai wa mtu unapohusika, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka huo huo, ni siku 30. Chini ya Aarhus ni mwezi mmoja, na huhitaji kueleza unazitakia nini. Ukijibiwa kwamba ni siri ya biashara, kumbusha kwamba mkataba huo hauiruhusu sababu hiyo kuficha taarifa za vitu vinavyomwagwa kwenye mazingira.

Hatua ya 6: Wakinyamaza

Kata rufaa ngazi ya juu kabla muda haujapita. Baadaye kuna mahakama, na si lazima uwe umeugua ndipo usikilizwe: Katiba ya Kenya, ibara ya 70, inamruhusu mtu kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Marekani mwananchi anaweza kumshtaki mchafuzi mwenyewe, baada ya kutoa notisi ya siku 60.

Kama mchafuzi ana nguvu mahali unapoishi, usiende peke yako. Peleka kwa jina la kikundi, jumuiya ya watumia maji au wakili, na hifadhi nakala nje ya nyumba yako. Mkataba wa Escazú wa Amerika ya Kusini na Karibi, ulioanza kutumika tarehe 22 Aprili 2021, unazitaka nchi zake ziwalinde watetezi wa mazingira. Kwingine kote, ulinzi wako wa kwanza ni wingi wa watu walioandika saa ile ile, kila mmoja kwenye daftari lake.