Namna ya Kuitambua na Kuitunza Haibiskasi Usiyoijua

Mtu akipewa mche wa haibiskasi usio na jina, au akiukuta umestawi katika uwanja wa nyumba aliyohamia, asiukate wala asiutie mbolea kabla ya kujua ni wa aina gani, kwa kuwa jenasi hii, yaani kundi la mimea inayokaribiana, ina spishi (aina) zaidi ya 200 na matunzo yanayoifaa moja yanaweza kuidhuru nyingine.

Subiri uchanue. Ua la haibiskasi lina petali (vijani vya rangi vya ua) tano, na katikati yake huchomoza mhimili mmoja uliozungukwa na stameni nyingi, yaani viungo vinavyotoa chavua, na kuishia kwa stigma tano, yaani ncha zinazopokea chavua. Umbo hilo utalikuta pia katika ua la bamia, kwa kuwa bamia na pamba ni za familia hiyohiyo. Rangi ya ua pekee isikuongoze, kwani chotara wa bustanini wana karibu kila rangi. Chunguza ukingo wa petali, urefu wa kikonyo na hali ya sepali, yaani vijani vinavyoshika ua chini ya petali.

Haibiskasi inayopandwa sana kandokando ya nyumba, Hibiscus rosa-sinensis, ina majani yanayong'aa yenye meno ukingoni na maua mapana. Petali zikiwa zimechanikachanika kama matamvua na kujikunja kwenda juu, huku ua zima likining'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, umepata Hibiscus schizopetalus, mwenyeji wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambayo mtaalamu wa mimea Mwingereza Joseph Dalton Hooker aliitambua kuwa spishi kamili mwaka 1880. Ni mmea wetu, na inasikitisha kuona ukidharauliwa kwa sababu tu maua yake ni madogo kuliko ya chotara wa dukani. Petali zilizochanika nusu kwa kawaida huashiria mchanganyiko wa hizo mbili.

Shina jekundu, ua la manjano hafifu lenye kitovu cheusi-chekundu, na sepali nene nyekundu ni dalili za rozela, ambayo Watanzania wengi huiita choya. Huo ni mmea wa msimu mmoja: vuna sepali zingali laini, hifadhi mbegu, wala usihangaike kuufufua unapokauka. Usionje sehemu yoyote kabla ya kuwa na hakika ya utambuzi wako.

Haibiskasi za kudumu zinahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku, ingawa ile ya matamvua huvumilia kivuli chepesi. Mwagilia kwa wingi, kisha uache udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Ua likinyauka baada ya siku moja, hilo ni jambo la kawaida. Vitumba vikidondoka kabla ya kufunguka, chunguza kama mmea umekosa maji, umetuamiwa na maji, au umeshambuliwa na wadudu.

Jambo linalowasumbua wengi wa pwani ni udongo wa mawe ya matumbawe, ambao una chokaa nyingi na huifanya mizizi ishindwe kufyonza madini ya chuma. Majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Dawa yake ni kuchanganya mboji kwa wingi na kuacha kabisa kumwaga majivu shinani, kwa sababu majivu huzidisha tatizo. Mbolea ya dukani ya DAP nayo haifai, kwani ina fosforasi nyingi kupita mahitaji ya mmea huu; samadi iliyooza vizuri inatosha.

Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, hivyo pogoa hadi theluthi ya matawi mvua zinapokaribia. Vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe, waoshe kwa maji ya sabuni isiyo kali, na uwazuie sisimizi kupanda, maana sisimizi huwalinda vidung'ata hao.

Ukitaka mche mwingine, kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 kutoka tawi lililokomaa kiasi, ondoa majani ya chini, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, nacho kitatoa mizizi baada ya wiki kadhaa. Mbegu za chotara hazitakupa ua lilelile.