Somo: Meli ya mizigo ikiokoa wakimbizi baharini, mzigo ni wa serikali gani?

Wanagrupu, habari za jioni. Sisi wa Mbeya tumezoea wahamiaji wa kwenye malori ya Tunduma, lakini vijana wetu wa Kyela na Tukuyu wanaopata kazi melini watakutana nao baharini. Nimefanya ubaharia, kwa hiyo someni kwa makini.

Hatua ya 1: Okoa. Mkataba wa SOLAS wa 1974, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unamtaka nahodha akimbilie walio hatarini, ili mradi asiiweke meli yake hatarini. Uraia hauulizwi. Nakumbuka mama tuliyempandisha kwa ngazi ya kamba: petroli iliyochanganyika na maji ya chumvi ilikuwa imembabua mapaja, naye alinishika mkono, hakuuachia hata alipokwisha kaa kwenye sitaha.

Hatua ya 2: Ita kituo cha uokoaji. Toa mahali, saa na idadi ya watu. Kwetu kituo kiko Dar es Salaam, chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli.

Hatua ya 3: Dai mahali pa kuwashusha. Hapa ndipo serikali hukwepa. Agosti 2001 meli ya Norway, Tampa, iliokoa watu 433 karibu na Christmas Island, kisiwa cha Australia, wengi wao Waafghani. Australia ikawakatalia kushuka, ikapandisha makomandoo melini, kisha wengi wakapelekwa Nauru, nchi ya kisiwa kidogo Bahari ya Pasifiki. Baada ya aibu ile mikataba ilirekebishwa, na tangu Julai 2006 serikali yenye eneo la uokoaji, yaani inayosimamia uokoaji katika sehemu ile ya bahari, ndiyo yenye jukumu kuu la kuhakikisha panapatikana mahali salama, upesi. Malta haikuyakubali marekebisho hayo. Mwaka 2020 iliiomba meli ya mafuta Maersk Etienne iokoe watu 27, halafu ikawanyima bandari. Walilala kwenye sitaha ya chuma siku 38! Kwangu mimi huo ni ukatili.

Hatua ya 4: Usiwarudishe walikokimbia. Kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinaikataza serikali kufanya hivyo. Kuamua nani mkimbizi si kazi ya nahodha.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu anaanza kozi ya ubaharia. Akiokoa watu si atafungwa kama madereva wa malori?*

Marahaba mama. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa wahamiaji inasema msafirishaji haramu ni yule anayefanya hivyo ili apate fedha au faida nyingine. Mwanao hajalipwa na mtu. Ila kila kitu kiandikwe kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za meli, saa kwa saa.

*Kaka, kwa nini Norway isiwachukue, si meli yake?*

Nchi ya bendera, yaani ile meli ilikosajiliwa, inatakiwa kuhakikisha nahodha anaokoa. Lakini kuwabeba watu zaidi ya 400 toka Bahari ya Hindi hadi Ulaya, kwenye meli iliyoandaliwa kwa mabaharia wachache, ni kuwahatarisha upya.

*Gharama je?*

Bima ya mwenye meli kwa kawaida hulipa mafuta ya ziada na chakula. Faida iliyopotea kwa kuchelewa hailipi, ndiyo maana serikali ikivuta miguu, simu anazopigiwa nahodha toka ofisini kwa mwenye meli huwa kali.