Nyekundu anapobisha hodi kwa Njano

Ukitaka mtoto mdogo aelewe kuchanganya rangi, usimtajie jibu mapema. Mwekee rangi mbili tu kwenye sahani, kisha mwanzishie hadithi: Nyekundu alikwenda kumtembelea Njano, akabisha hodi, mlango ukafunguka… Hapo nyamaza. Mwache akoroge kwa kidole mwenyewe, rangi ya chungwa imtokee mbele ya macho. Njano iwe nyingi, nyekundu tone moja moja, maana rangi nzito huimeza nyepesi upesi. Siku nyingine Buluu ndiye aje kwa Njano, wapate kijani. Na akizikoroga zote tatu zikawa kahawia, tafadhali usimkemee! Muulize huyo mgeni wa kahawia ametoka wapi. Mimi hupenda sana majibu yao.