Wanne kwa wanne: namna ya kumwingiza mgeni kwenye mechi bila kumkimbiza

Mimi nauza mega za intaneti na kuchaji simu za watu kwenye mtaa unaoitwa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Free Fire, ule mchezo wa simu wa kupigana risasi, niliijua kwa masikio kabla ya kuiona: vijana walikaa kwenye benchi langu wakingoja simu zijae, huku wakipiga kelele "Niko chini! Niko chini!" mpaka wapita njia wanadhani kuna ugomvi. Siku moja wakakosa mtu wa nne, wakanipa simu. Nilikufa kabla sijajua kidole kipi kinatembeza na kipi kinapiga. Raundi ya pili, vilevile. Hakuna aliyenitukana na hakuna aliyeniambia kitu. Walinyamaza tu, wakacheza kana kwamba wako watatu. Nikarudisha simu nikasema nina wateja. Mteja hakuwepo hata mmoja.

Kushindwa hakukuniuma kama ule ukimya. Sasa kila Jumamosi saa kumi jioni mimi ndiye ninayepanga mechi pale kioski, watu wanane, na nataka wawili au watatu kati yao wawe wapya. Nakueleza ninavyofanya, chukua kinachokufaa.

Kwanza, usimwanzishe mtu kisiwani. Ule mchezo mkubwa wa Free Fire unamwaga watu 50 kutoka kwenye ndege. Mgeni anazunguka akiokota kofia na risasi, anauawa na mtu ambaye hata hakumwona, halafu anabaki kutazama wenzake. Chukua Clash Squad: wanne kwa wanne, uwanja mdogo, na timu inayotangulia kufikisha raundi nne ndiyo imeshinda. Ukifa unangoja kidogo, raundi mpya inaanza na wewe umo. Anayekufa mara tano jioni moja anajifunza kitu. Anayekufa mara moja na kukaa nje anasinzia. Fungueni chumba chenu wenyewe chenye namba na neno la siri, msipangwe na watu msiowajua. Kufungua chumba kunataka kadi yake; muulize mkubwa yeyote aliye kwenye gilidi, yaani chama cha wachezaji ndani ya mchezo, mara nyingi hakosi.

Simu zinatayarishwa Ijumaa. Free Fire ilitoka 2017 na imejengwa ipite hata kwenye simu dhaifu, kwa hiyo simu ya bei ndogo si aibu. Kinachosumbua ni masasisho. Mechi yenyewe hula mega chache, lakini mtu akija Jumamosi na mchezo wa miezi miwili iliyopita, wenzake watacheza yeye akitazama mstari wa kupakua. Programu unaweza kumrushia kwa Xender, ile ya kutumiana vitu simu kwa simu, bila kutumia mega, ila akiifungua mara ya kwanza itaomba kushusha vitu vyake, basi aifungue usiku uleule. Picha aziweke kiwango cha chini kabisa. Halafu mwoneshe ile namba ndogo ya mtandao kwenye kioo: ikiwa ya kijani, cheza, ikiwa nyekundu, kosa si lako. Hilo la mwisho mwambie kwa mdomo, maana mgeni hudhani kila simu inapoganda ni ujinga wake.

Kuchagua timu nimekugeuza juu chini. Kwenye mpira wa mtaani makapteni wanachukua wakali kwanza, na mnyonge anabaki amesimama peke yake akijikuna mguu. Kwangu wapya ndio wanaochaguliwa kwanza. Wakali wanabaki mwisho, na hao haiwaumi, wanacheka tu. Nimeona mtoto aliyetoka Katuba kwa miguu akiitwa wa kwanza, akanyoosha mgongo kama amepewa cheo.

Kwenye kukaa tulikosea sana. Mara ya kwanza tulijipanga wote wanane benchi moja, maikrofoni zote wazi. Sauti ikitoka simu hii inaingia simu ile, zikaanza kulia kama mbuzi sokoni, na adui akawa anasikia kila tunachopanga. Sasa timu moja iko mbele ya kioski, nyingine nyuma chini ya mwembe, maikrofoni zimefungwa, na tunaongea kwa midomo yetu.

Sasa, unasema nini? "Kushoto! Kushoto!" Kushoto ya nani? Kila mtu ametazama upande wake. Mkali anaelewa kwa mazoea; mgeni anageuka na kupigwa mgongoni. Juu ya kioo kuna mstari wa dira wenye namba. Anayemwona adui anasoma namba iliyo katikati, "Mia ishirini!", na wenzake wanazunguka mpaka namba ileile ifike katikati kwao. Mkiwa karibukaribu inasaidia sana, mkitawanyika inadanganya.

Majina ya mahali nayo tumeyabadilisha. Ramani ya Bermuda ina Peak, ina Factory, ina Clock Tower. Nani atakumbuka majina hayo huku risasi zinampita sikioni? Peak ni kilima, basi sisi tunaiita Terril, kama ule mlima mweusi wa makapi ya shaba tunaouona mjini tangu utoto. Factory ni Shemine, lile bomba refu la moshi la kiwanda. Kuna kona moja yenye ngazi tunaiita Kwa Mama Sombe, kama kwa mama muuza majani ya muhogo, kwa sababu kila mara watu wamejazana pale. Mwambie mtoto wa Lubumbashi "yuko nyuma ya Shemine", hatauliza mara mbili. Wewe wa Bukavu au Kolwezi, tumia majina ya kwenu.

Halafu kazi. Watu wengi wanaharibu hapa: wanataka mgeni ajue kupiga siku ya kwanza. Kulenga kunakuja kwenyewe baada ya wiki kadhaa. Mpe kazi moja tu. Mechi ya kwanza, kazi yake ni kumfuata mkubwa mmoja, akienda waende, akiinama wainame. Bunduki za kununua mwanzo wa raundi mkubwa huyo ndiye anayemchagulia. Mechi ya pili mpe gloo, ule ukuta wa barafu unaotupwa chini ukasimama mbele yako. Mpeleke kwanza kwenye uwanja wa mazoezi, dakika kumi, akimbie na kutupa, akimbie na kutupa, mpaka kidole kipate kitufe bila macho.

Alikuja binti mmoja wa shule, akaniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, miye najua kufa tu." Nikamwambia basi leo usipige mtu, wewe ni wa kuta na wa kuinua walioanguka. Tukafika tatu kwa tatu. Raundi ya mwisho amebaki yeye na mkali wetu, na mkali yuko chini, anatambaa, anavuja. Binti akatupa ukuta wa kwanza: umekaa upande, miguu ya mwenzake iko nje. Akatupa wa pili: umeziba. Akainama, akashika kitufe cha kuinua, na sote tunatazama kile kiduara kinavyojaa polepole huku barafu inapasuliwa na risasi. Mkali akasimama, akamaliza kazi. Kutoka chini ya mwembe sauti ikauliza, "Nani aliweka ukuta?"

Mechi ya tatu anaanza kuongea, hata kama ni "namwona mmoja" tu.

Wakali nao wana sheria yao. Ukifa kabla ya mgeni, hukai kimya na hupigi kelele. Unamwambia jambo moja analoweza kulifanya raundi ijayo: "ulisimama wazi", "ulijaza risasi katikati ya njia". Moja. Ukimpa matano hatasikia hata moja. Na anayesema "wee, mbovu" ananunua mega za mtu huyo wiki ijayo. Sheria hii imeniletea wateja, sifichi.

Umeme ukikatika, au mtandao ukimtupa mtu nje, timu nyingine inamsimamisha mtu wake mmoja mpaka aliyetoka arudi. Mwezi wa saba, baridi ikibana, vidole vinakuwa vigumu na kioo hakisikii. Tunaweka jiko la makala, yaani mkaa, katikati na kuanza saa tisa.

Binti yule sasa ni kapteni. Jumamosi iliyopita alimwita kwanza mtoto mmoja aliyekuja na simu yenye kioo kilichopasuka, halafu mwingine, halafu mwingine, na mimi akaniacha mpaka mwisho.