Jinsi ya kuuweka mtaro wa mtaa wenu kwenye ramani

Naishi Tandale, upande wa Mto Ng'ombe. Nilianza kuchora mitaro mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulipowaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazofurika za Dar es Salaam. Ramani tunayoichora ni OpenStreetMap: kila mtu ana ruhusa ya kuijaza, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia bure.

Fungua akaunti kwa barua pepe, kisha pakua Vespucci, programu ya kuchorea ramani hiyo, kwenye simu ya Android. Vuta kipande cha ramani chenye mtaa wenu ukiwa bado na bando. Huko njiani utachora bila intaneti.

Usitoke peke yako. Mwombe mjumbe wa shina akutambulishe, halafu mtafute mtu aliyekaa hapo miaka mingi. Mimi nilipita mara mbili juu ya kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya njia, nisilione, taka na udongo vimelifunika. Bibi muuza maandazi ndiye aliyenionyesha kwa ncha ya kandambili: "Hapa, mwanangu. Yakikwama hapa, yanaingia kwangu."

Chora kwa kufuata maji: anzia yanakotoka, malizia yanakokwenda. Mwelekeo wa mstari wako ndio mwelekeo wa maji kwenye ramani. Ukiugeuza, mhandisi atasoma kwamba mto unamwagikia majumbani. Mtaro wa zege na ule wa kuchimbwa kwenye udongo una alama tofauti. Penye kalavati, kata mstari, kipande hicho kipate alama yake. Upana upime kwa futi ya fundi. Katikati ya mabati GPS huyumba, kwa hiyo linganisha na picha ya angani.

Majina ya watu, au nani anafungulia maji ya choo mvua ikinyesha, usiandike. Ramani inaonekana dunia nzima.

Kisha ichapishe. Wengi huishia kwenye simu, na hapo ndipo kazi hupotea. Toa karatasi kubwa, ibandike ukutani siku ya mkutano wa mtaa, gawa kalamu. Kina mama wasio na simu janja ndio wanaokumbuka maji yalifika dirisha gani. Watakayoongeza, yaingize jioni hiyohiyo. Nakala moja mpe mtendaji, ya pili akugongee muhuri wa kupokea, uitunze.