Mwili unacheza wenyewe ukiwa kwenye dawa za kifafa? Fanya hivi

Ndugu zangu wa Kigoma, kuanzia Mwanga na Ujiji mpaka huko Kasulu na Kibondo, kama una mgonjwa wa kifafa nyumbani soma hii mpaka mwisho. La kwanza kabisa, usimwachishe dawa. Najua inavyokuwa, mtu kaanza vidonge, kuanguka kumepungua, halafu mikono inaanza kutetemeka au mdomo unajichezea wenyewe, basi kila jirani anakwambia tupa hizo dawa zinammaliza. Ukizikata ghafla, hasa fenobabitoni, kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila mtu kupata fahamu katikati, na hapo ndo tunapoteza watu.

Kwanza jua anatumia dawa gani, soma kwenye pakiti au kadi ya kliniki. Sodiamu valproeti inajulikana sana kwa kutetemesha mikono, unaiona akinyoosha mikono mbele au akishika kikombe, na dozi ikiwa kubwa mtetemo nao unazidi. Fenitoini ikizidi mwilini macho yanachezacheza, mtu anayumba kama mlevi, na wengine mikono, uso na ulimi vinaanza kujinyonganyonga, na ubaya wake dozi ikipandishwa kidogo tu kiwango kwenye damu kinaweza kuruka juu sana. Kabamazepini ikizidi inaleta kuyumba na kuona vitu viwili viwili, na mara chache misuli kukakamaa au kushtukashtuka.

Sasa utajuaje kama ni dawa au ni kifafa chenyewe? Mtetemo wa dawa mara nyingi uko mikono yote miwili, mtu anaongea na wewe vizuri, unakuwepo siku nzima na akilala unatulia. Kifafa kinakuja na kuondoka, kinafanana kila kikija, na kikiisha mara nyingi mtu anabaki mzito au kachanganyikiwa. Ila kuna kifafa cha kushtuka mikono asubuhi huku mtu ana akili zake kabisa, kwa hiyo usijihukumie mwenyewe, chukua simu umrekodi. Dakika moja inatosha, ionyeshe uso na mikono yote, muulize jina lake huku unarekodi ili dokta aone kama anajibu. Halafu mpe kalamu achore duara linalojizungusha kama gamba la konokono, andika tarehe pembeni, rudia kila wiki, hizo karatasi zinamwonyesha dokta kama mtetemo unaongezeka au unapungua, vizuri kuliko maneno yetu ya "anatetemeka sana".

Andika pia dawa zingine zote alizopewa karibuni hata za duka la dawa, na hapa wengi ndo tunapitwa. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kupandisha fenitoini na kabamazepini kwenye damu, erithromaisini inapandisha kabamazepini. Hata metoklopramidi ya kuzuia kutapika yenyewe inaweza kupindisha shingo na kugeuza macho juu, hasa kwa watoto na vijana, ikitokea hivyo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mkimbize haraka kama degedege limepita dakika 5, au linarudi kabla hajazinduka, au mwili unacheza upande mmoja bila kuacha, au ana homa na usingizi mzito. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Ukifika kliniki, iwe hospitali ya Maweni au kituo chochote, onyesha video kwanza halafu uliza: dozi inaweza kushushwa polepole? Au kubadilishwa dawa? Kama ni binti au mama anayeweza kushika mimba na anatumia valproeti, liulizwe na hilo maana dawa hiyo ina madhara kwa mtoto tumboni. Kuna wanaopewa propranololi ya kupunguza mtetemo, ila mwenye pumu haimfai, lisemeni mapema. Na mpaka dokta aseme kumetulia, asipande mtumbwi kwenda kuvua na asiachiwe kuipua sufuria ya moto peke yake.